Dozi ya Saa Nne Usiku

Nesi wa tiba shufaa hupimwa kwa yale yanayotendeka akiwa hayupo. Daktari wa upasuaji tunamjua kwa mikono yake mwenyewe, na mkunga vilevile. Wakishanawa mikono, kazi yao tunaiona. Huyu anayewahudumia watu ambao ugonjwa wao hautapona, kazi yake huanza pale anapopanda bodaboda kurudi mjini, akimwachia mkwe, binti au mume wa mgonjwa chupa ya dawa, bomba lisilo na sindano na maelekezo machache. Maelekezo yakiwa yameeleweka, mgonjwa atalala. Yakiwa hayakueleweka, nyumba nzima itakesha.

Katavi inaulazimisha ukweli huu kwa ukubwa wake. Mkoa ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, makao yake makuu yakawa Mpanda, mji uliofikiwa na reli kwa ajili ya madini ya risasi ya Mukwamba. Tawi hilo la reli, kilometa 210 hivi kutoka Kaliua, siku hizi hubeba wasafiri, wagonjwa wakiwemo. Ukitoka mjini kuelekea kusini unafika Sitalike, kwenye mlango wa Hifadhi ya Katavi. Magharibi kuna Karema na Ziwa Tanganyika. Upande wa Uvinza kuna Mishamo. Katikati ni mashamba ya tumbaku na mahindi, maboma ya Wasukuma wafugaji, mashimo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu. Mtu akithibitika kuwa na saratani, mionzi iko Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilometa elfu moja, au Bugando, Mwanza. Wengi hufika huko ugonjwa ukiwa umeshatambaa. Hurudi nyumbani na faili, madeni ya nauli, na sentensi moja ambayo ukoo unairudia kwa sauti ya chini: wamesema hawana la kufanya zaidi.

La kufanya lipo, tena ni jingi, na linataka ufundi.

Mfuate nesi huyo siku moja, tuseme anaelekea Katumba, makazi yaliyofunguliwa kwa wakimbizi wa Burundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972, ambao pamoja na wenzao wa Mishamo na Ulyankulu, zaidi ya watu 160,000, baadaye walipewa uraia wa Tanzania. Anapiga hodi kama mgeni yeyote. Kwa wazee ni shikamoo; kwenye boma la Msukuma ni mwangaluka kama bado asubuhi; kwa bibi aliyekulia Burundi anajaribu amahoro, na bibi anacheka kidogo lafudhi yake. Anakataa kiti kirefu, anavuta kigoda ili macho yake yawe sawa na ya aliyelala. Salamu zinaendelea, habari za mvua, habari za mahindi, na wewe mgeni unadhani kazi haijaanza.

Imeshaanza. Ameona mgonjwa kalala ubavu upi na kwamba hakugeuka kuitikia. Ameona uji uliotanda ngozi juu kwa kukaa bila kunywewa. Amenusa chumba. Ameuona mkeka wa pili uliokunjwa pembeni, akajua ndipo anapolala mkwe, na ameyaona macho ya huyo mkwe, mekundu. Atamuuliza yeye kwanza: jana ulilala saa ngapi, mwanangu? Hajakosea mgonjwa. Usiku wa anayeuguza ndio taarifa ya kwanza ya hali ya anayeuguzwa.

Maumivu yenyewe hayaulizwi kwa "hujambo". Utamaduni wetu umemfundisha kila mtu kujibu "sijambo" hata anapokufa, na mwanaume wa makamo akiulizwa mbele ya wakwe zake atasema nafuu ipo. Nesi ana njia yake. Anainua mkono: ngumi iliyofungwa ni hakuna maumivu, kidole kimoja ni kidogo, vidole vitano ni yasiyovumilika. Mzee aliyejibu "salama tu" dakika mbili zilizopita anatoa mkono chini ya blanketi na kufungua vidole vinne. Hakuna anayesema kitu. Adabu imehifadhiwa, ukweli umetoka. Njia hii inatumika sehemu nyingi za Afrika, lakini sijui kama kuna mahali inafaa kuliko kwetu, kwa watu wa salama tu.

Kisha yanafuata maswali ya fundi. Yanachoma au yanakata? Yanavuta, yanabana, au yanapita ghafla kama umeme? Yanazidi ukijigeuza? Kila jibu lina njia yake: ya mifupa yanataka dawa ya kutuliza uvimbe, ya mishipa ya fahamu yanayochoma na kurusha umeme husaidiwa na amitriptyline, ile ile ya sonona lakini kwa kipimo kidogo. Mengine hayatoki mwilini. Mwaka 1967 Cicely Saunders, aliyeanza kama nesi, akawa mfanyakazi wa ustawi wa jamii, mwishowe akasomea udaktari, alifungua St Christopher's Hospice, London, akifundisha kwamba maumivu ya mtu anayekaribia kufa yana tabaka: la mwili, la moyo, la jamaa zake na la roho, na kwamba usipoyagusa yote dawa inafanya kazi nusu. Mama mwenye saratani ya shingo ya kizazi anayelia usiku huenda analilia nyonga. Huenda analilia binti wa darasa la sita ambaye hajui atabaki kwa nani.

Sasa mofini. Inayotumika majumbani ni maji, haichomwi. Unga wake huchanganywa na maji safi na kitu cha kuzuia isiharibike, na kwa miaka mingi Ocean Road ndiko ilikochanganywa kwa ajili ya hospitali zilizoidhinishwa nchini. Inanywewa, ni chungu, na dozi ya kuanzia kwa mtu mzima ni miligramu 2.5 mpaka 5 kila baada ya saa nne. Saa nne hizo ndizo moyo wa kazi yote. Dawa hukaa mwilini muda huo na kuisha, kwa hiyo ukingoja mgonjwa aombe, umeshachelewa: maumivu yamepanda, na kuyashusha kunataka dawa nyingi kuliko kuyazuia. Ndugu wengi hufanya kinyume, wanabana dawa "ili isimzoee", wanampa akilia tu. Mgonjwa anajifunza kwamba lazima alie.

Ratiba ni hii: saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane mchana, saa kumi na mbili jioni, saa nne usiku. Hesabu vizuri utaona inakosekana dozi ya saa nane za usiku. Haikusahauliwa. Dozi ya saa nne usiku hutolewa mara mbili ya kawaida, ili imfikishe mgonjwa alfajiri, na ili mkwe naye alale. Naipenda dozi hii kuliko kitu kingine chochote katika fani nzima. Aliyeibuni alimfikiria mtu wa pili, yule wa kwenye mkeka, akampa usingizi kwa dawa anayokunywa mwingine.

Kuifundisha ni kazi nyingine. Huwezi kumwambia mtu wa Katavi "jua likichomoza". Saa za Tanzania ni moja lakini Mpanda iko mbali magharibi, na jua lake huchelewa kwa zaidi ya nusu saa kuliko la Dar es Salaam. Saa kumi na mbili asubuhi mara nyingi bado giza. Kwa hiyo ni alamu ya simu, na simu ikiisha chaji ni redio, ambayo bado ndiyo saa ya vijiji vingi. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku ikiisha, hesabu vipindi mpaka saa nne. Bomba linachorwa mstari kwa rangi ya kucha pale kwenye mililita tano, kwa sababu tarakimu zake ni ndogo, taa ni ya sola inayofifia, na mkwe hakwenda shule miaka mingi. Halafu nesi anafanya jambo ambalo wenye haraka hawalifanyi. Anamwonyesha mara moja, kwa maji ya kunywa. Anamkabidhi bomba. Anakaa kimya. Mkwe anavuta, kuna kiputo cha hewa, anagonga kwa ukucha, anarudisha, anavuta tena mpaka mstarini. Mkono wa nesi uko gotini mwake. Hausogei, ingawa unaona wazi unataka kusaidia. Mara ya tatu mkwe hakosei. Sasa eleza wewe kwangu, mwanangu, ya saa nne usiku ni mistari mingapi? Miwili. Na akishalala je? Namwacha alale. Na usingizi ukimzidi, ukimwamsha haamki, anapumua polepole sana? Sitoi nyingine, nakupigia.

Hofu haitoki kwa somo moja. Mofini ina jina baya: ni dawa ya kulevya, ni dawa ya kufia. Baba mdogo aliyetoka Inyonga atauliza kwa ukali kama mnataka kumuua kaka yake. Nesi mzuri hajibu kwa hotuba. Anaeleza kwamba siku mbili tatu za mwanzo mgonjwa atasinzia, kwa sababu ana deni la usingizi la miezi. Kwamba kichefuchefu kikija kitapita. Kwamba anayekunywa kwa kipimo kwa ajili ya maumivu hatafuti ulevi. Na kwamba kitu kimoja hakitapita kabisa, nacho ni kufunga choo. Mofini bila dawa ya kulainisha choo ni kumtoa mtu kwenye shida moja na kumtia kwenye nyingine. Bisacodyl ikikosekana, wauguzi wa Uganda walishaweka kwenye mafunzo yao mbegu za papai zilizokaushwa na kusagwa, na papai Mpanda halina shida. Siku ya nne baba mdogo anamkuta kaka yake ameegemea mto, anauliza habari za ng'ombe. Mabishano yanaishia hapo.

Kidonda nacho kina elimu yake. Saratani ya titi au ya shingo ya kizazi ikipasuka, harufu hufukuza watu kabla ya kifo. Watoto wanaacha kuingia, jirani anasalimia kutoka mlangoni, mgonjwa mwenyewe anaomba mlango ufungwe. Harufu ile inatokana na vijidudu vinavyostawi pasipo hewa, na vijidudu hivyo vinauawa na metronidazole, ambayo wengi wanaiita Flagyl na kila duka la dawa la Makanyagio au Majengo, mjini Mpanda, linayo. Vidonge vinasagwa kati ya vijiko viwili mpaka viwe unga laini, kidonda kinasafishwa taratibu kwa maji yaliyochemshwa, kijiko cha chai cha chumvi kwa nusu lita, bila kusugua kwa kuwa kinavuja damu upesi, na unga unanyunyizwa juu. Kitambaa ni kanga ya zamani iliyofuliwa, ikachemshwa, ikapigwa pasi. Kikigandia, hakivutwi, kinaloweshwa mpaka kiachie chenyewe. Ndani ya siku chache harufu inapungua. Gharama yake ni ndogo kiasi kwamba naona aibu kuwa kuna nyumba, mjini hapo hapo, ambako hakuna aliyewahi kuwaambia watu haya.

Kugeuza mgonjwa watu wanadhani ni nguvu. Mkwe mwenye kilo hamsini anamgeuza baba mkwe wa kilo sabini kwa kitenge kilichotandikwa toka mabegani mpaka chini ya makalio: goti la mbali linakunjwa, mkono unawekwa kifuani, kitenge kinavutwa, mwili unafuata. Kila baada ya saa mbili mchana. Visigino huelea juu ya kitambaa kilichokunjwa chini ya mashavu ya miguu, kwa sababu vidonda vya kulalia hupenda visigino na mfupa wa nyuma ya nyonga. Mdomo husafishwa kwa kitambaa laini na maji ya chumvi. Na siku za mwisho, mgonjwa asipoweza kumeza, midomo inaloweshwa tu, hakuna kumlazimisha uji. Hapa ndipo pagumu kuliko pote, maana kwetu kumlisha mtu ndiko kumpenda, na shangazi aliyefika na kuku wake kutoka Mlele hatakubali kirahisi kwamba tumbo limefunga kazi yake na kwamba uji utaingia mapafuni. Nesi hamnyang'anyi shangazi bakuli. Anampa kitambaa na maji, anamwonyesha jinsi ya kulowesha midomo. Shangazi amepata kazi.

Swali la "nitapona?" sijamwona fundi wa kweli akilikimbilia. Huliuliza upya kwa upole: baba, wewe mwenyewe unaonaje mwili wako? Mara nyingi mgonjwa anajua, na familia inajua, na kila upande unamficha mwenzake. Kazi ni kuwakutanisha kabla sauti haijakatika, na katika mkoa kama huu kuwakutanisha ni suala la safari. Kijana yuko machimboni, mwingine Tabora, treni haipiti kila siku. Kumwita mapema sana ni kumpotezea msimu. Kumwita kwa kuchelewa ni kumwita mazikoni. Nesi anasoma dalili, mikono inayopoa, usingizi unaorefuka, mkojo unaopungua, anasema bila kuzungusha: mwiteni wiki hii. Nani atabaki na shamba, mahari ya binti iko wapi, ng'ombe wa nani wako kwenye zizi la nani, azikwe hapa Katumba au wapi. Haya yakisemwa na mwenyewe akiwa na akili zake, ndugu hawatagombana kwenye turubai.

Ukanda huu una mzee wake katika kazi hii, ingawa hakuitwa kwa jina hilo. Adrian Atiman alizaliwa mnamo 1866 karibu na Timbuktu, katika Mali ya leo, akatekwa utotoni, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika huko Algeria, akapelekwa Malta kusomea udaktari, na mwaka 1889 akafika Karema. Hakuondoka. Alikuwa tabibu na katekista wa ufukwe ule mpaka alipofariki mwaka 1956, zaidi ya miaka 60 katika kituo kimoja. Fikiria hesabu ya maradhi ambayo zama zile hazikuwa na dawa yake: malale, ndui, kifua kikuu kabla ya streptomycin. Mganga wa aina ile, kwa sehemu kubwa ya maisha yake, alikuwa akikaa na watu asioweza kuwaponya, na watu waliendelea kumjia. Wanaosema tiba shufaa ni kitu kilicholetwa juzi na wafadhili wangetembelea Karema kwanza.

Kama huduma yenye mafunzo na taratibu zake, kweli ni changa. Zimbabwe walianza mwaka 1979, Nairobi Hospice ikafuata 1990, na Anne Merriman akaanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993. Kwetu, Hospitali ya Selian ya KKKT huko Arusha ilianza mwishoni mwa miaka ya 1990, na Muheza, Tanga, muda mfupi baadaye, UKIMWI ukiwa umejaza vitanda. Uganda ilikwenda hatua moja zaidi: mwaka 2004 iliwaruhusu kisheria wauguzi na maafisa tabibu waliosomea fani hii kuandika mofini. Nadhani mkoa wenye umbali kama wa Katavi unaeleza kwa nini vizuri kuliko waraka wowote. Mgonjwa wa Karema akihitaji dozi kuongezwa, aliye karibu naye ni muuguzi.

Na unga wenyewe wa mofini ni wa bei rahisi. Ugumu uko kwenye vibali na makadirio. Tume ya jarida la The Lancet ilitoa hesabu mwaka 2017: kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zilizokuwa zikisambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa zilipata tani 0.1. Dawa ikikatika katikati ya mwezi, ufundi wote niliousimulia unabaki mikono mitupu. Mkwe anajua mstari wa rangi ya kucha, anajua saa nne usiku, na bomba ni kavu. Nesi anarudi kwenye paracetamol na diclofenac, ngazi ya chini ya dawa za maumivu, akijua wazi kwamba vidole vinne havitashuka chini ya vitatu.

Baada ya maziko, wiki moja au mbili, nesi hurudi. Sababu ya kwanza ni ya kiofisi: mofini iliyobaki haiachwi nyumbani. Chupa inapimwa, mililita zinaandikwa, mkwe anatia sahihi au dole gumba, na hesabu lazima ilingane na ratiba. Ya pili ni kumwangalia mkwe mwenyewe, kama amelala, kama anakula, kama anajilaumu kwa dozi ya mwisho. Wengi hudhani ndiyo iliyoua, na wanahitaji mtu mwenye kazi yake awaambie sivyo. Ya tatu haimo kwenye fomu. Nyumba ya tatu kutoka hapo kuna mama anayelalamika nyonga tangu masika, na mumewe ameshakuja mara mbili kumuuliza mkwe jinsi ya kumgeuza bila kumuumiza. Nesi anaandika namba ya simu ya mkwe kwenye daftari lake, pembeni ya jina la mtaa, kisha anamwomba amsindikize mpaka kwenye nyumba hiyo, na njiani anamwachia mkoba wa vifaa aubebe.